Ukitaka kwenda Mombasa kwa gari la umeme, mtafute fundi wa Mtito

Jaribu kumwambia mtu yeyote kwamba unafikiria kununua gari la umeme. Mjomba wako, konda, jirani, hata yule msee wa gereji ambaye hajawahi kufungua boneti ya gari lisilo na injini. Wote watakuuliza swali moja: "Na ukitaka kwenda Mombasa je?"

Kusema ukweli, wengi wanaouliza wanaenda Mombasa mara moja kwa miaka miwili, tena kwa treni. Lakini usilicheke swali lenyewe. Mimi nililicheka, halafu nikalala usiku mzima ndani ya karakana ya kuchomelea vyuma pale Mtito Andei nikilinda mageti ya watu. Kwa hivyo nisikilize kidogo.

Habari yenyewe ni ya binamu yangu. Anaendesha teksi ya apu hapa Nairobi, gari si lake. Kila Jumatatu anatuma pesa kwa mwenye gari, kila siku anaacha pesa kwenye petroli, na kinachobaki anakijua yeye na Mungu wake. Sasa sacco imemkubalia mkopo. Amepiga hesabu zake na anataka Nissan Leaf ya mitumba kutoka Japan, ile yenye betri ya kilowati-saa 40. Mdhamini wake ni mamake, yaani shangazi yangu, ambaye ni mwanachama wa sacco hiyo hiyo na ameweka akiba humo tangu sisi tukiwa shule ya msingi. Shangazi anaishi Mikindani, Mombasa. Alisema neno moja tu kwa simu: hatii sahihi kwa gari ambalo hajaliona likiingia uani kwake kwa magurudumu yake lenyewe.

Basi jamaa mmoja mwenye gari kama hilo akatuazima kwa siku nne. Mimi nilichukuliwa kama mtaalamu. Usicheke. Niliacha chuo mwaka wa pili, diploma ya umeme, karo ikakataa, nikaanza kuandika. Binamu anaamini miaka miwili ya darasa la umeme inatosha kumvusha Tsavo.

Hesabu tulizifanya vizuri, na nataka uzione kwa sababu ndizo zinazokosekana kwenye hizi mabishano za mtandaoni. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi. Betri ya kilowati-saa 40 ikishakaa miaka kadhaa haibaki na 40. Hii yetu tuliihesabu kuwa na kama 32 za kutumika. Ukienda kilomita 80 kwa saa, bila haraka, inakula kama kilowati-saa 14 kwa kila kilomita 100. Ukijifanya uko rali, ukagonga 110, inakula 20 au zaidi, kwa sababu upepo hauna huruma. Kwa hivyo ukienda polepole una kilomita 220 hivi. Mtito Andei iko katikati, kilomita 235 au karibu na hapo.

Umeona pengo? Hapo ndipo mlima unaingia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa iko baharini. Gari letu na sisi ndani na mizigo lilikuwa na tani 1.7 hivi. Ukilishusha zigo hilo mita 1,700, nguvu iliyomo ndani ya mteremko huo ni karibu kilowati-saa 8. Hiyo ni robo ya betri yetu! Ukiinua mguu kwenye mteremko, mota inageuka jenereta na kurudisha chaji. Si yote inarudi, lakini kwenda Mombasa unabebwa na nchi yenyewe. Kurudi, unalipa kila mita. Huo mlima wa kurudi hakuna anayeutaja kwenye video, na nitaufikia.

Tuliondoka Ijumaa saa kumi na moja asubuhi na asilimia 100. Skrini ya gari ilikuwa ya Kijapani na hakuna aliyeweza kuibadilisha, kwa hivyo tulikuwa tukisoma namba na picha tu, kama watoto wa chekechea. Mlolongo, Athi River, Konza. Pale Salama malori yanapanda kwa kilio, yanatoa moshi mweusi, na sisi tuko nyuma kimya kabisa. Ukifungua dirisha unasikia ndege. Sijawahi kusikia ndege kwenye barabara ya Mombasa.

Matatu zilitupita. Mabasi yalitupita. Probox iliyobeba miraa ilitupita mpaka nikadhani tumesimama. Kwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara hiyo ni kama kuvaa suti kwenye mjengo, kila mtu anakuangalia. Makindu tulisimama kwenye hekalu la Singasinga, ambako msafiri yeyote hupewa chai na chakula bure, na hakuna anayeuliza dini yako wala gari lako linatumia nini. Tukala, tukaweka sadaka, tukaondoka.

Tulipanga kufika Mtito na asilimia 20. Tulifika na 11. Upepo wa mbele, nadhani, na binamu alilipita lori moja kwa hasira pale Kibwezi. Lakini hatukuwa na wasiwasi. Apu ilituonyesha hoteli moja Mtito yenye chaja ya kasi, ile inayoweza kujaza betri kwa muda wa kula pilau na kunywa soda.

Chaja ilikuwepo, sikatai. Ilikuwa imefunikwa kwa turubai na kufungwa kamba kama mzigo wa basi. Askari wa geti alituambia fundi alikuja, akaangalia, akasema atarudi na kipuri. Lini? "Kabla ya Krismasi." Ipi? Askari akacheka.

Sasa sikiza vizuri hapa. Msimamizi wa hoteli alikuwa mtu mzuri, akatuambia tuchomeke kwenye soketi ya kawaida nje ya chumba. Tukatoa ile chaja ndogo ya kubeba, yenye kisanduku katikati ya waya. Tukachomeka. Taa nyekundu. Soketi nyingine, taa nyekundu. Jikoni, karibu na friji, taa nyekundu. Binamu akaanza kusema chaja imekufa na yeye amekwisha, na atamwambia nini mamake.

Hapo ndipo miaka yangu miwili ya chuo ilipolipa kwa mara ya kwanza. Ile chaja haikuwa imekufa. Ilikuwa inakataa. Chaja hizi hupima kama soketi ina ule waya wa tatu, wa kijani na manjano, unaopaswa kuishia kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Waya huo ndio unaokuokoa stima ikivuja kwenye bodi ya gari. Bila huo, chaja nyingi haziwashi. Na nikuambie kitu ambacho hutapenda: nyumba nyingi unazolala, ile tundu ya juu kwenye soketi ni mapambo. Hakuna waya nyuma yake, au waya upo na hauendi popote. Simu haijali. Pasi haijali. Gari la umeme linajali, na ndilo lilikuwa mkaguzi wa kwanza wa kweli kuwahi kufika kwenye hoteli hiyo.

Tulilisukuma sokoni polepole na asilimia 10, tukiuliza. Aliyetuelewa alikuwa fundi wa kuchomelea, mzee wa miaka hamsini na kitu, karakana ya mabati, mageti yamepangwa nje. Nilimuuliza kama ana waya wa ardhini. Aliniangalia kama nimemtusi.

"Kijana, mimi nashika chuma kutwa nzima. Nisipokuwa na huo waya ningekuwa nimezikwa mimi badala yake."

Akatuonyesha chuma chake, kimezikwa kando ya ukuta, waya mnene umefungwa vizuri, na anakimwagia maji kiangazi ili udongo usikauke. Hilo la maji tulifundishwa darasani kwa mwezi mzima na michoro. Yeye alifundishwa na mwajiri wake wa kwanza, kwa kofi. Tukachomeka. Taa ya kijani.

Mkataba ulikuwa hivi. Mita yake ni ya tokeni, kwa hivyo tulimnunulia tokeni ya shilingi 1,000 kwa simu, akaingiza namba, yuniti zikasoma. Juu yake tukampa 500 ya usumbufu. Lakini alikuwa na geti la shule la kumaliza siku hiyo, na mashine yake ikiwaka, stima inashuka na chaja yetu inajizima. Kwa hivyo tukawa tunapokezana. Yeye anachomelea, sisi tunakaa. Yeye anapoza chuma na kupiga rangi, sisi tunachaji. Soketi ya kawaida inatoa kilowati 2 na kidogo, yaani saa moja ya kuchaji inakupa kilomita 14 au 15. Fikiria hilo. Tulikuwa tunaenda Mombasa kwa kasi ya mtu anayekimbia, tukiwa tumekaa.

Jioni alifunga. Tukamuuliza tutafanyaje, betri iko asilimia 40. Akasema, "Laleni hapa. Nyinyi ndio askari wangu leo." Akatupatia kufuli tujifungie ndani, akaenda nyumbani. Tulilala kwenye viti vya gari katikati ya mageti, na mabasi ya usiku yalikuwa yanasimama ng'ambo ya barabara, watu wanashuka, wananunua chipsi na mishikaki, wanapanda, wanaenda. Kila basi. Usiku kucha. Nilihesabu mpaka nikachoka.

Na hapo ndipo nilipokasirika.

Kwa sababu angalia. Kila mtu anayeenda Mombasa kwa barabara anasimama Mtito au karibu na hapo. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu, reli ilipita hapo hapo. Mahali pa kusimama dakika 40 tayari papo, watu wamezoea, vyoo vipo, chakula kipo, ulinzi upo. Lakini ukitafuta chaja nchini, nyingi utazipata Nairobi, kwenye maduka makubwa ya Westlands, Karen na Kilimani. Aliye na gari jipya la umeme na uani kwake Karen ana soketi nyumbani. Analala, gari linajaa. Chaja ya mkahawani kwake ni kiburudisho, mahali pa kupiga picha. Wanaohitaji chaja ya umma kweli ni wawili: aliye safarini, na anayekaa kwenye ploti ambako gari linalala barabarani. Hao ndio hawana.

Mjadala wetu kuhusu magari haya umekwama kwenye bei na ushuru. Mwaka 2019 serikali ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 kukawa na bei maalum ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa yuniti mchana na 8 usiku, kabla ya kodi na ada nyingine. Vitu vizuri. Hiyo ya usiku ina akili hata. Takriban asilimia 90 ya stima yetu haitoki kwenye mafuta, inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana na jua. Usiku Wakenya wakilala, mvuke hauzimwi kama taa, na kuna usiku ambapo sehemu yake huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Sisi tuliolala Mtito tungeunywa wote. Lakini bei hiyo inataka mita yake maalum, na fundi wangu wa mageti ana mita ya kawaida kama yako. Punguzo limepita juu ya kichwa chake.

Nirudi safarini. Saa nane usiku betri ilijaa. Saa kumi na moja tukaondoka, na fundi alikuja mapema kutuaga na kuhesabu mageti yake. Tsavo asubuhi, ukiwa kimya, sina maneno. Voi, Maungu, Mackinnon Road, Mariakani, halafu ile joto inaanza kukushika shingo pale Mazeras na unajua umefika. Saa nne kasorobo tulikuwa Mikindani na asilimia 9. Jumla ya safari: karibu saa 29. Basi linachukua nane au tisa.

Shangazi alitoka na leso yake, akalizunguka gari mara mbili.

"Mbona halina sauti? Hili likiingia usiku nitajuaje ni nyinyi au ni mwizi?"

Binamu akaanza hotuba yake ya petroli. Kwamba gari la kawaida lingekula lita 34 hivi mpaka hapa, na lita ikiwa karibu shilingi 180, hiyo ni zaidi ya 6,000. Kwamba sisi tumetumia stima ya 2,000 hivi tukihesabu na ya nyumbani. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, na huo usiku mliolala kwa fundi, umeuhesabu bei gani?"

Kimya. Kisha akauliza plagi iko wapi tuchaji, akaenda mwenyewe kununua tokeni, akituambia tutamrudishia.

Kurudi ndiko kulinipa jibu. Jumapili tuliondoka Mombasa betri imejaa na sasa mlima ni wetu. Huwezi kufika Mtito kwa mkupuo mmoja, kwa hivyo tulisimama Voi, kwenye nyumba ya wageni ambayo tulikuwa tumepiga simu mbele na kuuliza swali moja tu: "Soketi yenu ina waya wa ardhini?" Walidhani tunatania. Saa nne na nusu hapo. Mtito tena kwa rafiki yetu, usiku mwingine, mageti mengine. Jumatatu asubuhi hadi Emali, saa nne nyingine nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tuliingia Nairobi saa nane mchana na betri iko mahali ambapo ile alama ya kobe inakaribia kuwaka, maana gari hili likiishiwa kabisa linakuonyesha picha ya kobe na kukataa kukimbia. Kobe hakutokea. Binamu alikuwa anaomba kwa sauti kuanzia Mlolongo.

Sasa nikupe msimamo wangu, maana sikuja hapa kukusimulia likizo.

Usiambiwe gari haliwezi. Limeweza, tena la mitumba, betri imechoka, madereva ni washamba. Na usiambiwe na wale wenye video za dakika tatu kwamba ni rahisi, wao wanatembea na gari la pili la petroli nyuma, ndani yake kuna mpiga picha. Kilichotugharimu saa 20 za ziada kwenda ni chaja moja kufungwa turubai. Chaja ya kasi ya kilowati 50 ingetupa kwa dakika 40 sehemu kubwa ya kile ambacho soketi ilitupa kwa siku nzima. Mbili zinazofanya kazi, moja Mtito na moja Voi, na swali la mjomba linakufa. Ndiyo, betri ya Leaf kama hii haina mfumo wa maji wa kuipoza, na kwenye joto la Tsavo ukiichaji kwa kasi mara mbili mfululizo itapunguza mwendo wa kuchaji. Ni sawa. Utakunywa soda ya pili.

Na ziwe na plagi zote mbili. Hili linaudhi kwa sababu ni la kijinga. Magari ya mitumba ya Japan kama hili letu yana plagi ya CHAdeMO, mengi mapya ya Ulaya na China yanaingia na CCS2 au ya kwao. Anayeweka chaja mpya huangalia gari jipya la mteja mwenye pesa, halafu mwenye Leaf anafika, chaja ina stima, ina taa, ina kila kitu, na mdomo hauingii. Kwa nchi ambayo imejengwa na mitumba, hiyo ni dharau.

La mwisho ndilo linanigusa mimi binafsi. Chaja ile ya hotelini haikukosa pesa, mtu alishalipa ikajengwa. Ilikosa mtu wa Mtito anayejua kuitengeneza. Kipuri kilikuwa kinangojwa kutoka mbali na fundi kutoka mbali, na umbali wa mita mia tatu kutoka hapo kuna mzee ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kukosea kuunga waya. Hana cheti. Mimi sina cheti. Najua vijana kumi tulioacha pamoja ile kozi, mmoja anauza viatu Gikomba, wawili wako boda. Tukiongea kuhusu ajira za magari ya umeme tunaongea kuhusu madereva wa mabasi mapya na wauzaji wa boda za umeme mjini. Ajira ya kwanza ninayoiona mimi iko pale Mtito: miezi mitatu ya mafunzo, sanduku la vipuri, na jukumu la kuhakikisha hiyo kitu inawaka kila siku, na mshahara unaokatwa ikizima. Mwenye hoteli anayekataa hilo afadhali asiweke chaja, awaachie wachomeleaji wafunge soketi nzuri na waandike bei ukutani. Angalau ukifika unajua unachokuta.

Unajiuliza kuhusu mkopo. Shangazi alitupigia Jumatano. Alisema gari amelipenda, lina kiyoyozi kizuri, na atatia sahihi, lakini kwa sharti moja: binamu amwonyeshe picha ya mahali gari litakapokuwa linachajiwa kila usiku. Kwa sababu Mombasa ataenda mara moja kwa mwaka, alisema, ila Umoja analala kila siku.

Binamu anaishi ghorofa ya tatu, Umoja. Gari linalala chini, kwenye kokoto, karibu na tangi la maji. Alipendekeza kushusha waya kupitia dirishani, msimamizi wa ploti akamwambia akijaribu atautafuta kwa majirani. Basi Jumamosi nilienda na kipimo changu cha zamani cha chuo kuangalia soketi iliyo karibu na pampu. Tundu ya tatu, hakuna kitu. Nimempigia fundi wa Mtito, ameniambia chuma cha ardhini kiwe na urefu wa mita moja na nusu hivi na nisikipige kwenye kokoto, nitafute udongo. Udongo wa pekee kwenye hiyo ploti uko chini ya kamba ya nguo ya mama wa nyumba nambari mbili.

Tunaenda kuongea naye leo jioni. Binamu anapeleka mkate.